Kina Mama Thelathini na Mmoja na Sabuni Moja

Siku Fauzia aliposimama mbele ya wanawake wenzake wa kikundi cha Mwani Safi na kutangaza kwamba tovuti ya kikundi ataitengeneza yeye mwenyewe, hakuna aliyepiga makofi. Bi Shutu alimaliza kutafuna kashata yake, akajifuta mdomo kwa upindo wa leso, kisha akauliza, "Kwa mikono gani?"

"Hii hii iliyoandika kumbukumbu za mikutano yenu miaka sita. Au wadhani zilijiandika?"

"Sijasema kitu, Mama Yusra. Nimeuliza mikono tu."

"Basi umeiona. Tuendelee."

Ndivyo alivyokuwa Fauzia. Alikuwa na stashahada ya uhazili, watoto wanne, wa kwanza Yusra, mume fundi mwashi aitwaye Nassir, na ulimi ambao Nassir alizoea kusema kwamba ungefua nazi bila kifuo. Akikuambia mchuzi wako hauna chumvi, usibishe, ongeza chumvi. Pale kijijini Kibuyuni watu walimwogopa kidogo na kumhitaji sana, maana hakuna fomu ya shule wala barua ya kwenda kwa chifu ambayo haikupita mikononi mwake.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wanawake hao thelathini na mmoja walilima mwani kwenye kamba, baharini, maji yakitoka. Kwa miaka mingi waliukausha na kumwuzia wakala kwa magunia, mpaka Fauzia alipowashika masikio wakajifunza kuutia kwenye sabuni. Sabuni ikatoka nzuri, yanukia mchaimchai, yalainisha ngozi. Wanunuzi ndio waliokuwa wa kubahatisha, leo mtalii mmoja amepotea njia, kesho hakuna. Katika mkutano uliopita wakakubaliana kwamba mwezi huu ukiisha bila mnunuzi wa kudumu, sabuni basi, warudi kwenye magunia.

Kwa wengine hilo lilikuwa jambo la kusikitisha. Kwa Fauzia lilikuwa balaa. Kwa ajili ya sabuni alikuwa ameacha kazi ya kusimamia dobi, chumba cha kufulia, katika hoteli moja ya Diani, na siku ya kuondoka alimwambia bosi wake, mbele ya watu, kwamba foronya za hoteli zina maarifa kumshinda yeye. Ukishasema hivyo, mlango umeufunga na ufunguo umeutupa kisimani. Sabuni ikifa, ingembidi arudi kule, ainamishe kichwa, aombe radhi, akunje mashuka. Kukunja mashuka hakukumtisha. Kuinamisha kichwa ndiko alikokuwa hajawahi kujifunza.

Hapo akatokea Caroline, ofisa wa manunuzi katika hoteli nyingine mpya ya Diani, mtu wa bara, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kutazama saa. Sabuni aliinusa, akaipenda. Lakini wakubwa wake wangekutana Alhamisi kuchagua nani alete sabuni za vyumbani, Mwani Safi au kampuni moja ya Mombasa, na walitaka kila mwuzaji awe na tovuti ya kutazamwa ukutani kwa projekta.

"Mama, bila website siwezi kuwatetea," Caroline alisema. "Hata iwe ndogo aje, nitumie tu link."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Fundi wa tovuti wa Ukunda alipoulizwa, alisema wiki tatu. Ndipo Fauzia aliposimama na mikono yake.

*

Jumamosi asubuhi alikuwa Msambweni, katika saiba ya Kavumbi, duka la kompyuta na intaneti, chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la dawa na kinyozi. Kavumbi alikuwa Mduruma wa Kinango, mwanamume mpole aliyesoma chuo kimoja na Fauzia, darasa moja nyuma yake, na mpaka leo alimwogopa kama kiranja.

"Washa mashine," Fauzia alisema, akivuta kiti.

"Bado." Kavumbi alimpa penseli na karatasi aliyoikunja hata ikawa na ukubwa wa simu. "Chora kwanza."

"Kavumbi, nimekuja kutengeneza tovuti, sikuja chekechea."

"Watu kumi wakifungua tovuti yako, tisa watatumia simu. Kwa hiyo duka lako lina upana wa kiganja. Chora nini kitaingia hapo kwenye kiganja, na nini hakitaingia."

Fauzia akavuta karatasi, akachora.

Mafunzo ya Kavumbi hayakuwa mengi. Mgeni akifungua ukurasa, alisema, ana maswali matatu kichwani: ni nini hiki, ni bei gani, na nitakipataje. Ukimjibu kabla hajasogeza kidole, atakaa. Usipomjibu, ataondoka wala hatakuaga. Herufi ziwe nyeusi juu ya nyeupe, kubwa, za kusomeka juani. Rangi mbili zatosha, ya tatu ni ya kuringa. Picha zipunguzwe kabla ya kupandishwa, kwa maana picha moja kutoka kwenye simu ilivyo ni nzito kama gunia la mwani mbichi, na mtu wa bando la shilingi ishirini hawezi kuibeba. Na nafasi tupu iachwe tupu.

"Hapa pembeni je? Pamekaa wazi tu."

"Pamepumua, Mama Yusra. Hapakukaa wazi."

"Na la mwisho?"

"La mwisho ni kumpa mtu simu, mtu asiyejua chochote. Mwambie anunue sabuni. Halafu unyamaze. Usimwelekeze, usimsaidie. Akipotea, kosa ni la ukurasa, si lake."

"Ninyamaze?"

"Kabisa."

"Hayo mengine nimeyaelewa," alisema Fauzia.

Kufikia alasiri, kwa kutumia ule mtambo wa bure ambao humpa mtu kurasa zilizokwisha kupangwa, yeye akajaza yake, tovuti ilikuwa imesimama. Juu palikuwa na picha ya sabuni tatu juu ya ubao, iliyopigwa karibu na dirisha. Chini yake: *Sabuni ya mwani. Yatengenezwa kwa mkono, Kibuyuni.* Halafu bei za saizi tatu. Halafu kitufe kimoja cha kijani, *Piga simu uagize*, ambacho ukikigusa simu ya Fauzia hulia.

Chini kabisa, hata hivyo, Fauzia alikuwa ameweka kitu kingine. Alikiandika kwa saa mbili, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Kiliitwa Dira, Dhamira na Maadili ya Msingi, na maadili yenyewe yalikuwa saba, na la saba lilikuwa na vifungu vyake. Mwisho palikuwa na jina lake na stashahada yake.

Kavumbi alisoma mstari mmoja na nusu, akajikuna shingo. "Hii nayo?"

"Hiyo iache kama ilivyo."

Akaiacha.

*

Kesho yake aliwaonyesha wenzake kwenye banda la kukaushia. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Ilipomaliza mzunguko, Bi Shutu akaigeuza, akaitazama na mgongoni.

"Ndiyo hii?" akauliza Bi Shutu. "Mbona tupu? Kama nyumba ya mtu aliyehamishwa na mahakama."

"Na sisi tuko wapi?" akauliza mwingine.

"Ninyi mwauzwa?" Fauzia akamrudishia. "Kinachouzwa ni sabuni, na sabuni hiyo hapo."

Ndipo alipokohoa Bi Mwanapili. Bi Mwanapili alikuwa mwenyekiti wa kikundi na dada mkubwa wa mamake Fauzia, tena ndiye aliyemlea tangu alipokuwa wa kubebwa. Kwa dunia nzima Fauzia alikuwa wembe, kwa mama mkubwa alikuwa pamba.

"Fauzia, mwanangu."

"Labeka, mama mkubwa."

"Mtu mwenye adabu hupiga hodi. Akitoka hapo hutoa salamu, akasema yeye ni nani, mtoto wa nani. Ndipo aseme kilichomleta. Hii yako imeingia ndani na viatu, yasema: sabuni, bei, nipigie. Tutaambiwa hatukulelewa."

"Mama mkubwa, mambo ya mtandaoni hayako—"

"Waliotoa kiwanja cha banda hawakutajwa. Walioanza na kamba za kwanza hawakutajwa. Hata kadi ya arusi humtaja anayestahili, na ile huisha siku moja ikatupwa. Hii yakaa milele, wewe mwenyewe umesema."

Hilo la kadi ya arusi ndilo lililowasha moto. Kila mwanamke pale alijua kadi ya arusi ni nini. Kule pwani kadi si karatasi, ni hati ya ukoo. Ukiliacha jina la shangazi mmoja, mjukuu wake atakuja kununiana na mjukuu wako bila kujua sababu. Basi wakaanza. Majina yote thelathini na moja, kwa mpango wa umri. Bi Shutu akataka wawekwe kwa mpango wa kujiunga, kwa kuwa yeye alijiunga wa tatu. Wakabishana hadi adhuhuri, wakaafikiana kwa mpango wa umri, ila Bi Shutu apewe alama ya nyota. Pembeni pazungushwe maua. Herufi ziwe za dhahabu, nyuma pawe rangi ya damu ya mzee. Iwepo picha ya wote wakiwa wamevaa leso za sare. Na ukurasa ukifunguka tu, vilie vigelegele.

"Vigelegele vya nini?" Fauzia alipaza sauti.

"Mgeni ajue amefika kwa watu," alisema Bi Shutu.

Fauzia akamtazama mama mkubwa, akitumaini. Mama mkubwa alikuwa tayari akisafisha koo apige vigelegele vya kurekodiwa.

*

Jumatatu ukurasa ukawa tayari. Ulianza na Bismillahi, ukaendelea: *Kwa furaha kubwa, familia ya Mwani Safi ya Kibuyuni, pamoja na familia ya marehemu Mzee Abubakar aliyetoa kiwanja, wana heshima kuwakaribisha ndugu, jamaa na marafiki*, na hapo majina yakaingia, moja chini ya jingine, thelathini na moja, ndipo sentensi ikamalizika: *kutazama bidhaa zao.* Kisha picha ya sare. Kisha Dira, Dhamira na Maadili. Kisha sabuni.

Alasiri hiyo Fauzia alikumbuka lile la mwisho la Kavumbi. Nassir alikuwa ametoka kazini, mikono ingali na saruji, anakunywa chai barazani. Akampa simu.

"Nunua sabuni."

"Sabuni iko kwenye karai."

"Ya humu ndani, Baba Yusra. Nunua. Mimi nanyamaza."

Nassir alifungua. Vigelegele vikalia, akashtuka, chai ikamwagika. Akasubiri picha zije. Akasubiri tena. Akaanza kusoma majina, midomo ikichezacheza. Akagusa ua moja, halikufanya kitu. Akagusa jingine.

"Si hapo," alisema Fauzia.

"Ulisema umenyamaza."

"Nimenyamaza. Teremka chini."

"Nateremka." Aliteremka, akafika jina la mwisho, akapanda tena juu, akateremka, uso ukazidi kukunjamana. "Fauzia."

"Umeiona?"

"Mamangu yuko wapi?"

"Mamako si mwanachama!"

"Sufuria ya kwanza ya kupikia sabuni ilikuwa ya nani? Mliiunguza ya nani? Mzee Abubakar ametajwa, na yeye ni maiti, mamangu yu hai nyumba ya pili hapo, hakutajwa. Akija kuuliza, utamjibu wewe."

Fauzia alimtaja mamake Nassir, jina la thelathini na mbili, pamoja na sufuria. Sabuni Nassir hakuiona kabisa. Jambo hilo lilimgusa Fauzia moyoni kama mwiba mdogo, lakini alikuwa amechoka, na mama mkubwa alikuwa ameshaubariki ukurasa. Akamtumia Caroline.

*

Caroline alipiga Jumanne asubuhi, Fauzia akiwa anakata sabuni.

"Mama! Sasa! Nimeona hiyo kitu umenitumia. Congrats sana, ni poa kabisa!"

"Ahsante," alisema Fauzia, moyo ukimpanda. "Umeipenda?"

"Sana! Nimefungua nikiwa ofisini, zile shangwe zikaanza kulia, boss akaniuliza ni nini, nikamwambia ni arusi ya watu wa Kibuyuni. Bibi arusi ni yupi kwa hiyo picha? Yule wa katikati mwenye miwani?"

Yule wa katikati mwenye miwani alikuwa Bi Mwanapili, mwenye umri wa miaka sitini na nane.

"Caroline," Fauzia alisema polepole.

"Sitaweza kuja mama, weekend tuko na wageni wengi, lakini zawadi nitatuma. Wanataka nini, ama niwatumie tu vyombo? Sasa skia, hujanitumia ile website ya sabuni. Ni kesho kutwa, mama. Saa tano. Hao wa Mombasa walishatuma yao. Nikikosa yenu kesho jioni, nitaingia hiyo meeting nikiwa sina kitu ya kuonyesha."

Simu ikakatika. Fauzia alisimama na kisu mkononi. Aliiona dobi. Aliuona uso wa yule bosi wake wa zamani ukitabasamu taratibu, tabasamu la mtu aliyesubiri miaka miwili.

*

Jumatano maji yalitoka mapema, na saa sita wanawake walikuwa wamerudi, wamekaa bandani wakikamua leso. Fauzia hakuketi. Aliwaeleza alivyoambiwa na Caroline, neno kwa neno, mpaka hapo pa zawadi.

"Vyombo gani?" akauliza Bi Shutu.

"Bi Shutu!"

"Nauliza tu."

Wengine walikuwa wameanza kucheka, na walipomkumbuka yule wa katikati mwenye miwani wakacheka hadi machozi yakawatoka. Mmoja alimshika Bi Mwanapili mabega akamwimbia wimbo wa kumtoa mwali ndani. Bi Mwanapili hakucheka.

"Kwa hiyo," alisema, "wataka kutufuta."

Kicheko kikazimika. Fauzia alijua kwamba hapa ndipo penyewe. Angetoa hoja ya bando na ya herufi nyeusi juu ya nyeupe, wangemsikiliza kama wanavyosikiliza redio. Akavuta pumzi.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mbona waamkia katikati ya maneno?"

"Nina swali. Siku yangu ya arusi, mliniweka wapi?"

"Jukwaani. Kwenye kiti kile cha kukodi."

"Nani mwingine alikaa kwenye kile kiti?"

"Nani akae? Ni kiti cha bibi arusi."

"Na nyinyi, mama zangu, shangazi zangu, mlionilea, mliopika usiku kucha, mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa chini, kwenye mikeka, twala pilau."

"Mlijiona mmefutwa?"

Bi Mwanapili akaikamua leso yake mara ya pili.

"Mmewahi kuona wapi," Fauzia akaendelea, ulimi wake sasa umejirudia, "mashangazi thelathini na mmoja wamepanda juu ya kiti, wamemkalia bibi arusi, na mama mkwe naye na sufuria yake, halafu mgeni afika mlangoni aulizwa, 'Umemwonaje bibi arusi?' Amemwona wapi? Bibi arusi yuko chini ya matako ya Bi Shutu!"

"Ala!" alisema Bi Shutu.

"Bibi arusi wetu ni sabuni. Kesho saa tano yatazamwa. Nataka akae peke yake kitini, uso wazi, taa zimemwangaza. Sisi sote tutakuwa ukurasa wa pili, kwenye mikeka yetu, kwa majina yetu yote na nyota ya Bi Shutu. Mwenye kutaka kutujua ataingia, atatukuta."

Kilichofuata Fauzia hakukitarajia. Bi Mwanapili alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akanyoosha mkono. "Nipe hiyo simu. Wafutaje?"

Fauzia akamwonyesha.

Watu husema mzee hafundishwi. Akishafundishwa, basi mkimbie. Bi Mwanapili alifuta maua. Alifuta dhahabu. Aliwahamisha jamaa wote ukurasa wa pili kwa sekunde chache, kama askari wa kanjo wakihamisha wachuuzi, bila kumwuliza mtu, na vigelegele vyake mwenyewe akavizima bila huruma. "Amepambwa mno," alikuwa akinong'ona. "Bibi arusi akipambwa mno watu husema mbaya." Wanawake wakamzunguka, kila mmoja akitaja cha kuondoa, hata Bi Shutu akasema ile rangi ya damu ya mzee ilikuwa ikimuumiza macho tangu mwanzo.

Kisha kidole cha mama mkubwa kikatua kwenye Dira na Dhamira.

"Hii ni ya nani?"

"Hiyo ni ya muhimu," alisema Fauzia haraka. "Hiyo ni ya kitaalamu."

Bi Mwanapili alisoma kwa sauti. Alisoma dira. Alisoma dhamira. Kwenye adili la tatu alipiga mwayo, na kwenye la tano akatua.

"Mwanangu, mtu anunuaye sabuni ataka kujua dhamira yako, au ataka kujua yatoa povu?"

"Ni desturi ya mashirika, mama mkubwa. Lazima—"

"Yatoa povu hata kwa maji ya chumvi. Hilo mbona hukuliandika?"

Fauzia aliitazama skrini juu hadi chini. Miaka sita ya kumbukumbu, miaka miwili ya chuo, na mahali popote kwenye ukurasa ule hakuandika kwamba sabuni yatoa povu kwenye maji ya chumvi, na vyumba vyote vya Diani hutoa maji ya visima yenye chumvi.

"Na huyu hapa chini," alisema Bi Shutu akichungulia, "si wewe na stashahada yako? Nawe umekalia kiti cha mwali?"

Bandani wakaanza kuchekea ndani ya leso. Fauzia alihisi masikio yakimwaka. Akachukua simu, akaifuta dira, akaifuta dhamira, akayafuta maadili yote saba na vifungu vyake, na mwisho, baada ya kusita kidogo, akalifuta jina lake. Mahali pake akaandika mstari mmoja: *Yatoa povu hata kwa maji ya chumvi.*

Safari hii walimpa simu ya Bi Shutu mwuza samaki aliyekuwa akipita na baiskeli, mtu ambaye hakuwa mwanachama, mkwe wala mwenye sufuria. Walimwambia anunue sabuni, na wanawake thelathini na mmoja wakanyamaza, Fauzia akijiziba mdomo kwa kiganja. Yule bwana alitazama, akagusa mara moja, na simu ya Fauzia mwenyewe ikalia mfukoni.

"Si mko hapa hapa?" alisema, ameshangaa. "Mwanipigisha simu ya nini?"

Caroline akatumiwa ukurasa mpya kabla ya magharibi.

*

Alhamisi hakuna aliyekwenda baharini, ingawa kila mmoja alikuwa na sababu yake tofauti. Walikaa bandani, wakajifanya kupanga sabuni zilizokwisha kukauka kwenye rafu, zilizokuwa zimepangwa tangu juzi. Simu iliwekwa juu ya karai lililopinduliwa, mahali pekee ambapo mtandao haukuyumba.

Saa tano ikapita. Saa tano na nusu simu ikalia, namba ngeni. Fauzia akainyakua.

"Nani?"

"Hallo, habari ya asubuhi," ilisema sauti ya mwanamume, nzito na isiyo na haraka. "Natumai hujambo—"

"Sijambo. Kama ni ya bahati nasibu sichezi, na kama wauza bima ninayo. Sema haraka, nangoja simu ya maana."

Bi Mwanapili alifumba macho.

"Hapo ni Mwani Safi?"

"Ndipo. Sema."

"Sabuni ndogo mia mbili, mnaweza kuleta lini?"

"Jumatatu. Zimeshakauka, zataka kufungwa tu."

"Na zile kubwa?"

"Kubwa ziko sitini. Ukitaka zaidi subiri wiki nne, sabuni mbichi siuzi, itakuyeyukia mkononi. Wewe ni nani?"

Badala ya jibu ulisikika mvumo, kama wa watu wengi chumbani, kisha kicheko, kisha sauti ya Caroline ikaja ikikimbia.

"Mama! Mama, huyo ni general manager! Umekuwa kwa spika, boardroom yote imekuskia! Amefungua page yenu kwa projekta, akaona button, akasema wacha nijaribu kama inafanya kazi!"

Fauzia alishusha simu kutoka sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Nimemwambia bima ninayo," alisema kwa sauti ndogo.

"Amependa! Hao wa Mombasa tumebonyeza 'wasiliana nasi', ikatupa form ya kujaza, mpaka sasa hawajajibu. Nyinyi mmejibu maswali yote kwa dakika moja. Na hiyo ya povu na maji ya chumvi, housekeeping, wale wa kusafisha vyumba, ndio wamesema wazi wanataka nyinyi. Ni majaribio ya miezi mitatu, mama. Wageni wakipenda, tunasaini ya mwaka. Jumatatu ni Jumatatu, eh?"

"Jumatatu," alisema Fauzia.

Aliweka simu juu ya karai. Wanawake thelathini walikuwa wakimtazama, wakingoja afoke, agawe kazi, aseme nani akate uzi na nani alete mkasi. Fauzia alijaribu. Maneno hayakuja. Akaketi juu ya gunia la mwani lililokuwa karibu, mikono mapajani, akapepesa macho kama mtu aliyetiwa sabuni usoni.

Bi Mwanapili ndiye aliyesimama.

"Haya, leteni karatasi za kufungia," alisema. "Bi Shutu, shika rafu ya juu. Huyu mwacheni kwanza apumue."